Adhuhuri ya Mzee Okumu

Nekesa hakuniandikia, alinitumia sauti. Niliifungua nikiwa nimesimama uani, nikidhani ni salamu za kawaida, na ilipofika katikati nikatafuta mahali pa kukaa. "Mwalimu, mum ametuacha jana asubuhi," alisema. "Hakuteseka. Nimeona wewe usisikie kwa watu wengine." Kisha akaiacha simu ikiendelea kurekodi, nikasikia nyuma yake watu wakisogeza viti, na mwanamke mmoja akiuliza sukari imewekwa wapi. Nadhani ni hayo mambo ya viti na sukari yaliyonitoa machozi, kwa sababu nilikijua kile chumba na nilijua sukari ilikokuwa ikiwekwa. Nimekaribia miaka hamsini sasa. Ninafundisha Kiswahili hapa Tabora, na wanafunzi wangu wapya hushangaa kwamba madaftari yao nayasahihisha bila huruma, lakini mtu anapozungumza simkatizi hata akikosea vipi. Wakiniuliza sababu nawaambia ni tabia niliyoichukua Nairobi, nao hucheka, maana hapa kwetu hakuna anayeamini kwamba mtu anaweza kujifunza Kiswahili Nairobi.

Nilikwenda kwa siku sita tu. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nasubiri kupangiwa kituo, na kabla ya kufungiwa darasani maisha yangu yote nilitaka kuona jiji moja la nchi nyingine, peke yangu, bila mwenyeji wa kunipangia pa kwenda. Rafiki yangu wa chuoni alinipa jina la mama mmoja wa Kawangware anayepangisha vyumba, nami nikafika kwake Alhamisi mchana nikiwa na begi moja. Ndani ya begi nilikuwa na mashati matatu, mswaki, na kamusi. Leo jambo hilo linanichekesha, kijana anakwenda kutembea nchi ya watu na amebeba kamusi ya lugha yake mwenyewe. Wakati ule niliona ni sawa kabisa. Nilikuwa wa kwanza katika somo la Kiswahili chuoni, na mtu wa miaka ishirini na mitatu aliyewahi kuwa wa kwanza hawezi kulisahau hilo hata akiwa safarini.

Mwenye nyumba aliitwa Mama Njoki. Familia yake ilikuwa na ile ploti tangu watu wakilima mahindi mahali ambapo sasa pamejaa maduka, na yeye aliijua kama mtu anavyoujua mfuko wake. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." "Hiyo mara ya mwisho niliisikia nikiwa darasa la nne," akasema, "na hata hiyo siku sikujua kujibu. Kuja nikuonyeshe nyumba." Alichokiita nyumba kilikuwa chumba kimoja katika safu ya vyumba vinane, safu nyingine ikitazamana nayo, na bomba moja la maji katikati. Kulikuwa na kitanda cha chuma, meza ya mguu mmoja mfupi, na kuta za mabati zilizobandikwa maboksi ndani ili baridi isipite. Sauti ilipita. Jioni ile nililala chali nikawasikiliza mume na mke wa chumba cha pili wakipika matumbo. "Nyanya mbili inatosha," mume alisema. "Mbili ni ya mgonjwa," mke akajibu. "Kwani kuna mgonjwa hapa?" "Ukikula hiyo chakula ya nyanya mbili atakuwa." Wakacheka wote wawili, taratibu, kama watu waliokwisha kuuzoea utani wao. Nami, badala ya kucheka, nilichukua daftari nikaandika makosa ya upatanisho wa ngeli niliyoyasikia. Bado ninalo daftari hilo. Ni aibu tupu, ila silitupi, kwa sababu katikati ya makosa yale kuna mazungumzo ya watu wawili waliopendana, na hakuna mwingine aliyeyaandika.

Siku mbili za kwanza nilitembea mpaka viatu vikanipwaya. Kawangware asubuhi wanawake walikaa pembeni mwa barabara wakikata sukuma wiki kwa visu, mkono ukienda haraka hata usione kisu, wakiongea huku hawatazami wanachokata. Nilikwenda mpaka mtaa wa jirani, Satellite, nikakaa nje ya duka moja nikinywa soda na kutazama watu wakirudi kazini kutoka chakula cha mchana. Kila nilipofungua kinywa watu walisimama. Muuza viatu vya mitumba alinisalimia, "Niaje," nikamjibu, "Salama, ndugu yangu, habari za tangu asubuhi?" Akashusha kiatu alichokuwa ameshika. "Wewe ni wa Mombasa?" "Hapana, natoka Tabora, Tanzania." "Ebu ongea tena," akasema, akamwita mwenzake aje asikie. Nikaongea tena. Walinipenda, sina shaka, na mimi nikavimba. Nilidhani wananipenda kwa sababu ninazungumza vizuri kuliko wao.

Jumamosi nikauliza njia ya Kibera, nikavuka Ngong Road, nikatembea zaidi ya saa nzima, mpaka nikashuka Soweto West, mtaa mmoja wa Kibera. Njia zilikuwa nyembamba, mbao zimelazwa juu ya mitaro, redio tatu zikisema mambo matatu kwa wakati mmoja. Nilikuwa na njaa, na nilipoona kibanda chenye benchi mbili na sufuria ya omena, dagaa wa huko, nikaingia. Ndivyo nilivyomjua Mama Nekesa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, Mluhya wa upande wa Busia, mwenye mikono mikubwa na sauti ya chini ambayo ilikufanya usogee umsikie. Bintiye, Nekesa, alikuwa shule ya bweni. Aliniwekea ugali, omena na sukuma, akasimama kuona kama nitakula omena na vichwa vyake. Nilipokula, akakaa. Kwenye benchi nyingine alikuwa mzee mmoja mwembamba anakunywa chai polepole, vumbi la mbao limemkaa hata kwenye nyusi. Huyo ni Mzee Okumu, akaniambia Mama Nekesa, fundi seremala, kibanda chake cha kazi kiko pale mbele. Nikamuuliza mzee anatengeneza nini siku hizi. "Msalaba," akajibu. "Ya rafiki yangu, Opiyo. Amekufa hii wiki. Tulitoka kwetu kule ziwani tukiwa vijana, tukakuja Nairobi siku moja, gari moja. Sasa anarudi. Mimi nitarudi na yeye mpaka mlangoni kwao." Alisema hivyo bila huzuni ya kuonyesha, kama mtu anayekueleza ratiba yake.

Walinialika kanisani kesho yake, nikaenda. Lilikuwa kanisa dogo la mabati, na baada ya mahubiri Mama Nekesa alisimama mbele na daftari la matangazo. Sikujua kwamba hiyo ilikuwa kazi yake. Alivaa kitambaa cheupe, akashika daftari mbali kidogo na macho, akasoma: mkutano ya akina mama itakuwa Alhamisi, maji itafungwa kuanzia kesho, watu wachote leo, mtoto wa fulani amepata nafasi ya shule, tumshukuru Mungu. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, na watu walimsikiliza kuliko walivyomsikiliza mchungaji. Mimi nilikuwa nasikia "mkutano ya" na "maji itafungwa". Baadaye, kibandani kwake, watu kama kumi tukiwa tunakula, nilimwambia kwa sauti ya ukarimu kabisa: "Mama, umesoma vizuri sana. Ila sio mkutano ya, ni mkutano wa. Na maji hayawi itafungwa, ni yatafungwa." Nikamweleza na sababu. Vijana wawili wakacheka, mmoja akasema, "Mathe, umepatikana," yaani mama, umenaswa. Mama Nekesa alitabasamu, akachukua sahani yangu ambayo bado ilikuwa na chakula, akaipeleka kuosha.

Kesho yake alasiri palikuwa na mkutano wa matanga ya Opiyo pale kanisani, na tangazo la safari lilipaswa kusomwa. Mama Nekesa alinikabidhi daftari mlangoni mwa kibanda. "Soma wewe, mwalimu," akasema. "Wewe ndio unajua." Mtu mwenye akili angesikia kilichokuwa ndani ya maneno hayo. Mimi nilisikia sifa. Yeye hakuja, alibaki na sufuria zake. Katika daftari alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: Gari ya Opiyo itatoka mochari kesho saa sita. Mtu asichelewe. Nilikaa kwenye jiwe nje ya kanisa nikaliandika upya, na nilipoitwa mbele nikasoma kwa sauti niliyofundishwa chuoni: "Waombolezaji wapendwa, mnaarifiwa kwamba msafara wa kumsindikiza marehemu utafunga safari hapo kesho, ifikapo adhuhuri." Mzee mmoja akatikisa kichwa kwa kufurahia. Nilirudi kukaa nikijua kwamba nimesoma vizuri, na kweli nilikuwa nimesoma vizuri.

Jumanne ndiyo ilikuwa siku yangu ya mwisho, basi langu likiondoka Jumatano asubuhi, na saa kumi jioni nilishuka Soweto West kuwaaga. Mzee Okumu alikuwa amekaa kwenye benchi ya Mama Nekesa amevaa suti ya kahawia iliyompwaya mabegani. Msalaba ulikuwa umelala juu ya mapaja yake, umefungwa kwa karatasi ya nailoni, jina la Opiyo likionekana kwa ndani. Nilidhani ameshafika na kurudi, ingawa ziwani si mahali pa kwenda na kurudi mchana mmoja. Hakuna aliyenisalimia.

"Gari ilienda," Mzee Okumu akasema.

"Iliondoka saa ngapi?"

"Saa sita."

"Ndiyo," nikasema, bado sijaelewa. "Adhuhuri."

Mama Nekesa aliacha kukanda unga. "Kwani adhuhuri ni saa sita?"

"Ndiyo, mama."

"Na kwa nini hukusema saa sita?"

Mzee Okumu ndiye aliyeendelea kuongea, tena kwa upole, kana kwamba yeye ndiye anayetakiwa kujieleza. Alikuwa amemuuliza fundi jirani maana ya lile neno, naye akamwambia hiyo ni kama saa tisa, saa kumi hivi. Kwa hiyo alifika mochari saa nane, ili asichelewe. Yalikuwepo magari mawili, na kila gari lilidhani yuko kwenye jingine. "Mazishi ni Ijumaa, nitafika tu na basi," akasema. "Si hiyo. Ni vile nilitaka kukaa karibu na yeye kwa hiyo gari. Njia ni ndefu, na Opiyo alikuwa hapendi kusafiri peke yake."

Niliomba nimsindikize. Nilisema nitambebea msalaba, naye akakubali, nafikiri kwa sababu aliona kwamba nikikataliwa nitaanguka. Basi langu la Jumatano liliondoka bila mimi, na mimi na yeye tukapanda jingine la kuelekea magharibi. Njiani hakunilaumu hata mara moja. Alinieleza jinsi yeye, Opiyo na mwenzao mmoja walivyolala watatu kitanda kimoja mwaka wao wa kwanza mjini, wakipokezana nani alale upande wa ukuta, na jinsi Opiyo alivyokuwa akiimba akipiga pasi. Aliniambia hayo kwa Kiswahili ambacho ningekijaza wino mwekundu kuanzia neno la kwanza, na nilikielewa chote. Ijumaa nilisimama nyuma ya watu nikamwona akiuchimbia msalaba mwenyewe, akiukagua kwa macho ya fundi kama umenyooka, akiusukuma kidogo kushoto, akirudi nyuma kuutazama tena. Watu walimsubiri mpaka aliporidhika.

Nilirudi Nairobi nikiwa nimekusudia kuomba radhi kisha niende kwetu. Nilimkuta Mama Nekesa anasugua sufuria kwa majivu. Nilimwomba radhi kwa ajili ya Mzee Okumu, akaitikia kwa kichwa. Nikamwomba radhi kwa ajili yake mwenyewe, na hapo akaacha kusugua. "Mimi nimejua kusoma nikiwa na miaka thelathini na tano," akasema. "Nilikuwa nakaa darasa moja na watoto wa watu, nimebana magoti chini ya dawati. Nilimaliza. Halafu hiyo Jumapili ukanirudisha huko kwa dawati, mbele ya watu wananunua chakula yangu." Nilimwambia ningependa asome tena matangazo. "Siwezi. Nikisoma nitakuwa naangalia uso yako." Nikasema basi nitaondoka, hatauona tena. Alicheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile. "Ukienda nitakuwa naiangalia tu. Kaa. Kaa hapa mpaka ujue vile watu wanaongea. Halafu ndio uende ufundishe."

Sijui kama alisema kwa utani. Nilikaa mwaka mzima. Mama Njoki alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi kule Satellite na alihitaji mtu wa kaunta, akanichukua kwa sababu, alisema, mtu wa shikamoo hawezi kuiba. Niliuza misumari, rangi na kufuli. Miezi ya mwanzo wateja walinizungusha vibaya, maana majina niliyoyajua ya vitu si waliyoyatumia wao, na Sheng, lugha ya vijana wa mtaani, ilibadilika kila nilipodhani nimeishika. Kisha siku moja fundi wa rangi alisimama kaunta akasema, "Buda, nipe ile kitu ya kufungua hii kitu," nami nikageuka nikamletea, na alipokuwa ameshaondoka ndipo nilipogundua kwamba hakutaja jina la kitu chochote na tumeelewana. Jumapili nilishuka Soweto West. Nilikula kwa Mama Nekesa, nikasikiliza. Aliyekuwa akisoma matangazo siku hizo ni karani mmoja kijana aliyesoma haraka kama anayefukuzwa, na kila baada ya ibada watu walikuja kibandani kumuuliza Mama Nekesa karani alikuwa amesema nini. Aliwaeleza. Nilikuwa nakaa kwenye benchi nikimsikia akitangaza matangazo yote upya, mtu mmoja mmoja, huku akigawa ugali.

Nekesa ameniomba niandike kidogo kuhusu mama yake, ili yasomwe siku ya kumzika. Nimeanza mara tatu. Mara zote yalikuja maneno makubwa, mhimili, nguzo, nikayafuta. Ninachotaka watu wajue ni kidogo tu, kwamba alinipa benchi ya kukaa wakati alikuwa na haki ya kuninyima, na kwamba mwaka ule sikumsikia akinitaja vibaya kwa mtu, ingawa katika mitaa ile kila neno hupenya ukuta.

Mwezi wa kumi wa kukaa kwangu karani alipata kazi mbali, akahama. Jumapili iliyofuata mchungaji alisimama na daftari akatazama huku na huku, na kabla hajamwomba mtu, Mama Nekesa alinyanyuka. Aliweka kitambaa sawa. Nilikuwa nimekaa safu ya nne, na alinitazama mara moja tu, kisha akainamisha macho kwenye ukurasa. Alisoma vizuri mpaka tangazo la mwisho, ambalo halikuwa mwandiko wake. Mchungaji alikuwa amelinakili kutoka barua fulani. "Kutakuwa na mkutano ya uha," akaanza. "Uhama." Kidole kikasimama. Lilikuwa neno uhamasishaji, nililiona lote kichwani mwangu, herufi kwa herufi, lilinipanda mpaka kwenye meno. Mtu nyuma yangu alikohoa. Kanisa zima lilijua mimi ni nani na lilijua ninalijua. Nikatazama magoti yangu.

Mama Nekesa alifunga daftari. "Ni mkutano," akasema. "Kuna watu watakuja kutueleza vile tutachunga maji, watoto wasiwe wagonjwa. Ni Jumatano, saa nane mchana, hapa hapa. Ukiona jirani hayuko leo, mwambie."

"Saa nane," Mzee Okumu akarudia kwa sauti kutoka benchi ya mbele, na watu kadhaa wakaitikia, saa nane.

Tulipotoka nilimkuta amesimama kando ya mlango, ananisubiri. "Nilikuona," akasema. "Umeuma mdomo kama mtu anatolewa mwiba."

"Ilikuwa ngumu, mama."

"Najua. Kuja ukule."

Jumatano ile niliomba ruhusa dukani nikashuka kwa miguu. Nilifika saa nane kasoro robo, na hapakuwa na mahali pa kukaa. Nilisikiliza mkutano wote nikiwa nimesimama nje, dirishani, pamoja na wengine waliofika mapema kama mimi.